Uhuru wa 1961, wa 1967 na wa 1992: ukipewa dakika kumi, uchukue upi?

Mpwa wangu alinipigia simu usiku, saa nne na ushee. Vijana wa mtaani kwao wameandaa shughuli ya 9 Desemba, naye kapangiwa dakika kumi za kuzungumzia uhuru. "Shikamoo, mjomba. Nimeandika mara tatu, nimefuta mara tatu. Kila nikianza na bendera, najikuta nimeishia kwenye bando."

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Neno analolitumia ni moja, ila Watanzania wamelibebesha mambo matatu kwa zamu, na kila moja lina adui wake, mwenyewe wake na gharama yake. Ukiyatia yote kwenye kapu moja, utaanza na Nyerere, utamaliza na Instagram, na katikati wasikilizaji watakuwa wameshaenda kununua soda. Kwa dakika kumi, chagua moja. Hapa chini nimeyapanga matatu hayo sambamba, kama nilivyompangia yeye, kwa yeyote mwenye hotuba, mdahalo au insha ya Siku ya Uhuru.

Kwanza, neno lenyewe

Neno "uhuru" lina umri mkubwa kuliko taifa letu. Huko pwani, mtu huru alikuwa yule asiye mtumwa. Bwana akiamua kumwacha mtumwa wake huru, palikuwa na mashahidi na mara nyingi palikuwa na karatasi. Zanzibar, hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897. Tanganyika ilikuwa 1922, Waingereza wakiwa wameshaichukua kutoka kwa Wajerumani. Kwa hiyo TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilipoanzishwa 7 Julai 1954, utumwa ulikuwa umefutwa kwa miaka 32 tu. Kwenye mikutano ya mwanzo lazima walikuwepo wazee ambao mama zao waliwahi kumilikiwa.

Na walioachwa huru wenyewe, wengi hawakutosheka na uhuru. Walichokitafuta ni uungwana: kuhesabiwa kuwa watu wa mji, kuvaa kanzu na kofia bila kuchekwa, kuoa na kuolewa na wenyeji, kuzikwa kwa heshima. Karatasi peke yake haikuwapa hayo. Likumbuke hilo, maana litarudi.

Walichofanya TANU ni kulichukua neno hilo kutoka kwa mtu mmoja na kulivika nchi nzima. Tanganyika ndiyo ikawa mtumwa anayedai karatasi yake.

Uhuru wa 1961: nchi ipewe karatasi yake

Huu ndio mwepesi kuusimulia, na ndiyo sababu wengi huuchagua. Adui anaonekana kwa macho, ana kofia na bendera yake. Tanganyika ilikuwa eneo la udhamini la Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza, na ndiyo maana Nyerere alikwenda New York mwaka 1955 kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Hakwenda kuomba hisani, alikwenda kudai kwa msingi wa sheria. Wapo akina Bibi Titi Mohamed, waliowaingiza kina mama wa Dar es Salaam kwenye chama wanaume wakiwa bado wanajiuliza kama wachukue kadi.

Ukiuchagua huu, nakusihi usianzie uwanjani usiku wa manane. Anzia kwenye mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, vinginevyo kura yake imeharibika. Na mpiga kura mwenyewe hakuwa kila mtu. Ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kinachotambuliwa. Wanachama wengi wa TANU walitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie kwenye uchaguzi huo mbovu ili waushinde kutokea ndani, na wakaushinda. Mkutano ule hadi leo unaitwa Uamuzi wa Busara. Uchaguzi wa 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71, na habari ikaishia hapo.

Kisha ndiyo ije 9 Desemba 1961: taa zinazimwa uwanjani, bendera ya Uingereza inashuka gizani, taa zinawaka na ya Tanganyika iko juu. Luteni Alexander Nyirenda anaweka mwenge na bendera kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kilele ambacho Wajerumani walikuwa wamekipa jina la Kaiser wao na sisi tukakiita Uhuru.

Mwenye uhuru huu ni nchi. Unapimwa kwa bendera, wimbo na kiti Umoja wa Mataifa. Udhaifu wake ni kwamba ulikamilika usiku mmoja, na kitu kilichokamilika hakina la kuulizwa. Kesho yake kaulimbiu ilikuwa "Uhuru na Kazi". Mwaka uliofuata, 1962, ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Wabunge waliopitisha hawakuona mgongano wowote: aliyekuwa ameachwa huru ni nchi, na nchi ilikuwa huru. Januari 1964 wanajeshi wakaasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu, na serikali huru ikalazimika kuwaita askari wa Uingereza waje kuwatuliza. Ilikuwa miaka miwili na wiki chache baada ya bendera. Hayo mawili sijawahi kuyasikia kwenye hotuba yoyote ya Desemba.

(Kama shughuli yako iko Unguja au Pemba, uache kabisa huu. Huko kuna 10 Desemba 1963 na kuna 12 Januari 1964, na ubishi wa ipi ndiyo siku ya uhuru haumalizwi kwa dakika kumi wala kwa saa kumi.)

Uhuru wa 1967: watu wasiwe wanyonge

Hapa nilimkalisha mpwa wangu kwa muda mrefu, maana hapa pana nyama.

Mkoloni ameondoka, na mtu wa kijijini bado hana dawa wala daftari. Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, likatangazwa. Siku chache tu, mabenki yakataifishwa. Adui amebadilika: sasa ni unyonge wenyewe, ule unaomfanya mtu aonewe, anyonywe na apuuzwe hata bendera ikiwa ni yake. Mwenye uhuru naye amebadilika. Si nchi tena, ni wakulima na wafanyakazi.

Kilichonivutia siku zote kwenye Azimio ni masharti ya viongozi. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Uhuru wa raia ulikuwa unapimwa kwa vitu ambavyo kiongozi wake hana. Sijui nchi ngapi zimewahi kuutafsiri uhuru hivyo.

Mwaka uliofuata, 1968, Nyerere akaandika waraka juu ya uhuru na maendeleo. Humo anataja uhuru wa namna tatu: wa taifa kujiamulia mambo yake, wa watu kuepukana na njaa, maradhi na umaskini, na wa mtu binafsi kuishi kwa heshima, kusema alitakalo, kushiriki maamuzi yanayomhusu, na kutokamatwa kwa sababu tu kamuudhi mwenye cheo. Anasema pia kwamba mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza mwenyewe. Yaani orodha nzima ninayokupa hapa iliandikwa na mtu mmoja, kwenye waraka mmoja. Taifa ndilo lililoichukua kwa mafungu.

Kisha ikaja Novemba 1973, mtu yule yule akatangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kazi iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Kufikia 1976 waliohesabiwa kwenye vijiji hivyo walikuwa zaidi ya milioni 10.

Kwetu walikuja kutuhamisha 1974. Tulikuwa tunakaa mbali kidogo na Tabora mjini, kila familia kwenye eneo lake, na mama alikuwa na miembe sita aliyoikuta imepandwa na mkwewe. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka lori na nakumbuka mama akibishana na mgambo kuhusu jiwe la kusagia: yeye anataka lipande, mgambo anasema huko mnakokwenda kuna mashine. Jiwe lilibaki. Mashine ilifika miaka mitano baadaye. Paa letu liliezuliwa ili tusipate la kurudia, na pale tulipohama pakageuka mahame, vichaka na miembe tu.

Lakini katika kijiji kile kile, chini ya mti mwingine, mama alijifunza kusoma. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa 1973, na madarasa ya kisomo cha watu wazima yakafunguliwa kila mahali. Mwaka wa Azimio, karibu watu wazima wawili kati ya watatu nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Miaka ishirini baadaye wasiojua walikuwa wachache. Redioni kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika kusikiliza kisha wakaenda kuchimba vyoo. Dada yangu, mama yake huyu mpwa, alizaliwa zahanati. Kule mahameni angezaliwa chini ya mwembe, na pengine nisingekuwa na mpwa wa kunipigia usiku.

Ndiyo maana nasema huu una nyama. Kijiji kilichomnyang'anya mama miembe ndicho kilichompa kalamu. Ukiusimulia kwa upande mmoja tu, uwe wa sifa au wa lawama, umewaibia wasikilizaji nusu ya mali yao.

Gharama ililipwa na wale wale waliokusudiwa kukombolewa. Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, hali ikawa mbaya: sukari, sabuni, mafuta ya taa vikaadimika. Foleni za duka la kaya watu waliweka jiwe kushikilia nafasi, wakaenda shamba na kurudi, na ole wako usogeze jiwe la mtu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa walanguzi, na kuna watu waliotupa bidhaa zao porini na mitoni usiku kuliko kukutwa nazo. Cha ajabu, mwulize mzee yeyote wa umri huo kuhusu Sokoine: atakwambia hajatokea kiongozi kama yule. Waliosakwa na waliofurahia msako, mara nyingi ni wale wale.

Uhuru wa 1992: mtu aachwe

Huu wa tatu ulianza bila tamko. Novemba 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Mitumba ikajaa, maduka yakapata bidhaa, watu wakaanza kufanya biashara bila kutazama nyuma. Adui safari hii ni serikali yenyewe inayoingilia, na mwenye uhuru ni mtu binafsi. Kipimo chake ni mambo mangapi unaweza kuyafanya bila kumuuliza mtu.

Ila lisikilize jina lenyewe: ruksa. Mtu huru haombi ruksa. Hapa ndipo ile karatasi ya bwana inaporudi.

Tazama mambo yalivyokwenda. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini mahakama zikazuiwa kuzitumia hadi 1988, ili serikali ipate nafasi ya kusafisha sheria zake kwanza. Umepewa haki, ila usiidai kwanza. Halafu 1991 ikaundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni. Karibu asilimia 80 walisema tubaki na kimoja. Tume ikapendekeza vingi, kwa hoja kwamba wachache nao wana haki, na kwamba wengi wa hao walio wengi walikuwa wanataka mabadiliko makubwa hata kama chama ni kimoja. Tangu 1 Julai 1992 vyama vingi vikawa halali. Naamini tume ilifanya sawa. Lakini ni uhuru ulioteremshwa kutoka juu kwa watu waliosema hawauhitaji, na naona kivuli cha jambo hilo kila uchaguzi: aliyetoa ruksa hujiona bado ana haki ya kuichukua.

Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Siku ya kupiga kura, 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa. Angalia vitenzi: kuzuiwa, kuruhusiwa, kuzimwa. Mpwa wangu alikuwa na sababu ya kuishia kwenye bando.

Ukitaka mtu mmoja wa kuubeba uhuru huu, mchukue Mchungaji Christopher Mtikila. Alidai jambo dogo: raia aweze kugombea bila kupitia chama. Alianza mahakamani 1993. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, mji wa Azimio, ikampa ushindi. Miaka ishirini. Mgombea binafsi hakuruhusiwa, na mwishoni mwa 2019 Tanzania ikajitoa kwenye utaratibu unaomwezesha mtu binafsi kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama ile. Kisa hicho peke yake kinajaza dakika kumi, na kina mwanzo, kati na mwisho.

Sasa uchague

Angalia nani atakaa mbele yako. Wakiwa wazee wengi na mgeni rasmi ana kofia ya chama, uhuru wa 1961 hautakuletea shida, na ukiusimulia kwa kuanzia Tabora hata wao watajifunza kitu. Hasara yake ni kwamba watapiga makofi na hakuna atakayeuliza swali.

Kwa vijana wa simu mkononi, wa 1992 ndio wao. Watachangamka mapema. Hasara yake: dakika ya nne mtu atataka kujibu, ya sita mwenyekiti ataanza kukohoa. Kama huna moyo wa kumalizia sentensi yako huku mtu anakohoa, usiuguse. Na usije ukausimulia kana kwamba tumbo halimo. Mtu anayelala njaa hana haja kubwa na uhuru wa kusema ila kusema kwamba ana njaa, nao ni uhuru mkubwa, lakini uuelezee kwa kuanzia hapo.

Kwa darasa, au kwa watu unaowaheshimu kiasi cha kuwasumbua, chukua wa 1967. Mimi ningeuchukua huo kila siku. Kati ya yote matatu ndio pekee ulioandikwa na wenyewe ukaonyesha kipimo chake, kwa hiyo unaweza kuwashika kwa maneno yao. Na una waliopoteza na waliopata ndani ya nyumba moja, wakati mwingine ndani ya mtu mmoja. Ugumu wake ni kwamba unahitaji shahidi. Bila mtu aliyekuwepo utasikika unasoma kitabu.

Kuna njia ya mkato, kama umebanwa kabisa. Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za uhuru, akaifanya 9 Desemba siku ya usafi, na fedha zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, jijini Dar es Salaam. Kaulimbiu yake ilikuwa "Hapa Kazi Tu". Iweke karibu na ile ya 1961, "Uhuru na Kazi", uwaulize wasikilizaji ni neno gani limedondoka njiani. Kisha kaa chini, ubishi watauendesha wenyewe.

Mpwa wangu alikubali wa 1967, ila akasema hana shahidi. Nikamwambia bibi yako yupo. Tukampigia kesho yake, sauti ikiwa imefunguliwa. Baada ya shikamoo na habari za kuku, akamuuliza: "Bibi, wewe uhuru uliupata mwaka gani?"

Bibi alinyamaza kidogo. Akasema mwaka 1986, kwa kuwa mwaka huo hakukuwa na mtu tena wa kuwakataza, alirudi mahameni kutazama miembe yake. Mitatu ilikuwa imekatwa mkaa. Mitatu ilikuwepo, na watoto wa watu wasiojulikana walikuwa juu wanakula. Akawafukuza, akachukua kisu, akachonga jina lake kwenye gome la kila mmoja.

"Sasa huo ni uhuru upi, bibi?" mpwa wangu akauliza. "Wa kuhamishwa, ambako ulijifunza kuandika, au wa kurudi?"

"Wewe si ndiye msomi," bibi akasema, na salio likakata.

Akafuta hotuba mara ya nne.